Kuvusha boti kwenye loki za Camden, London: hatua kwa hatua

Ukitoka Little Venice na boti kuelekea mashariki kwa mfereji wa Regent's Canal, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Unapita handaki la Maida Hill, unapita kando ya bustani ya wanyama ya Regent's Park, na usukani haujakupa shida yoyote. Ukifika Camden, mfereji unakatika. Mbele yako kuna milango mizito ya mbao, pembeni watu wamekaa na sahani za chakula cha sokoni, na upande wa pili wa milango maji yako chini kwa mita mbili na kitu. Hiyo ndiyo loki (chumba cha maji cha kushushia na kupandishia boti) ya Hampstead Road, ya kwanza kati ya loki 12 zinazoushusha mfereji hadi Limehouse, unakokutana na mto Thames.

Wengi hufika hapo bila uzoefu, na si kosa lao. Kutoka Cowley, magharibi ya London, hadi Camden ni zaidi ya kilomita 30 za maji ya usawa mmoja, na njiani hakuna loki hata moja. Mtu anaweza kuendesha siku mbili akajiona nahodha kamili, kumbe kazi yenyewe bado hajaigusa.

Mwongozo huu ni wa kuvusha boti nyembamba, ile ya chuma yenye upana wa mita 2.08 ambayo watu wengi London wameifanya nyumba. Tunaeleza loki tatu za Camden, yaani Hampstead Road, Hawley na Kentish Town, kwa sababu zimefuatana ndani ya mwendo wa dakika chache kwa miguu, na kosa la loki ya kwanza linaweza kukukuta kwenye ya pili. Kama umekodi boti ndogo ya umeme kwa saa, soma mkataba kwanza: boti hizo kwa kawaida haziruhusiwi kuingia lokini.

Maji ndiyo yanayofungua mlango

Loki ni chumba kirefu cha matofali kilichozama katikati ya mfereji, chenye milango juu na milango chini. Boti inaingia, milango inafungwa, maji yanaongezwa au kupunguzwa, boti inatoka katika usawa mwingine. Mtu wa pwani ameshaelewa nusu ya habari: ni kujaa na kupwa, ila hapa anayejaza na kupwesha ni wewe. Hakuna pampu wala umeme, maji yanashuka kwa uzito wake tu.

Milango ni ya mwaloni, mbao mbili zinazokutana katikati kwa pembe iliyoelekea maji ya juu. Kadiri maji ya juu yanavyosukuma, ndivyo mbao zinavyozidi kubanana. Hapo ndipo penye siri ya kazi nzima. Mlango haufunguki mpaka maji ya pande zote mbili yawe sawasawa, na hakuna nguvu ya binadamu itakayoubadili ukweli huo. Piga hesabu: mbao moja ya mlango wa juu ina upana wa kama mita 2.2, na tuseme maji yameiegemea kwa kina cha mita 1.5. Tofauti ya sentimita 10 tu kati ya pande mbili inaisukuma kwa zaidi ya kilo 300. Ukiona watu watatu wamejibanza kwenye boriti, wanahema na mlango haujasogea, jua wameanza mapema. Wangengoja dakika mbili zaidi, mtu mmoja angeusukuma kwa mgongo.

Boriti ni ule mti mrefu unaotokeza juu ya mlango kuelekea nchi kavu. Ndiyo mkono wa kusukumia, na uzito wake unasaidia kuusawazisha mlango. Chini, kwenye milango yenyewe au kwenye mifereji iliyofichwa ndani ya kuta, kuna vilango vidogo vya kupitishia maji. Kila kilango kinainuliwa kwa mtambo wa gia yenye meno, unaouzungusha kwa hendeli ya chuma. Pembeni ya gia kuna kishikizo, kidole cha chuma kinachoingia kwenye meno ili kilango kisirudi chini chenyewe.

Kitu cha mwisho huwezi kukiona loki ikiwa imejaa, na ndicho kinachozamisha boti: kizingiti. Ni ukuta mnene ulio chini ya milango ya juu, unaotokeza ndani ya chumba karibu mita 1.5. Mahali unapoishia pamechorwa mstari mweupe ukingoni. Utafute mstari huo kabla ya kuingia na umwonyeshe kila aliye kwenye boti.

Vitu vya kuwa navyo mkononi

Hendeli mbili, si moja. Moja itaanguka majini siku moja, na bila hendeli umekwama mahali ulipo. Chagua yenye matundu mawili ya mraba, la inchi 1 na la inchi 1¼, maana mitambo hailingani. Baadhi ya loki za mijini zina kufuli ya kuzuia wahuni kwenye mtambo, na ufunguo wake unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya boti, kwa hiyo uwe nao kabla ya kuondoka. Kamba tatu: ya omo (mbele ya boti), ya tezi (nyuma yake), na ya katikati inayofungwa juu ya paa. Ya katikati ndiyo utakayoitumia zaidi. Upondo mrefu wa mbao, kisu kikali, glavu, na jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtoto na kila asiyejua kuogelea. Viatu viwe vya soli inayoshika, kwa sababu mbao za milango zikilowa huteleza kama sabuni.

Watu wawili ndio kiwango cha chini kwa anayeanza, na watatu ni bora: mmoja kwenye usukani, wengine nchi kavu. Injini ina kelele na chumba cha loki kina mwangwi, kwa hiyo mkubaliane maneno mapema. Neno moja lazima kila mtu alijue: “Funga!” Likisikika, aliye karibu na kilango chochote anakishusha papo hapo, na maswali yanafuata baadaye.

Toa mipira ya kukinga ubavu iliyoning'inia nje. Chumba kina upana wa kama mita 4.4, boti mbili zinaingia sambamba na kubaki nafasi ndogo sana, na mpira ukijikaba ukutani maji yakiwa yanashuka unaiinua boti upande mmoja.

Kushuka: kutoka Hampstead Road kwenda Limehouse

1. Funga boti kwenye gati la kungojea, juu ya loki, kwa kamba ya katikati kwenye nguzo fupi ya chuma. Mmoja abaki na boti. Usingoje katikati ya mfereji huku rafadha (propela) inazunguka, kwa sababu maji yanayoingia lokini yatakuvuta.

2. Tembea mpaka loki, uitazame yote kabla ya kugusa kitu. Hampstead Road ina vyumba viwili ubavu kwa ubavu. Zamani loki zote za mfereji huu zilikuwa pacha namna hiyo, lakini kwingine chumba kimoja kiligeuzwa kuwa njia ya maji ya ziada, na hapa tu ndipo pacha wote wawili wamebaki. Kama vyote vinatumika, chagua ambacho maji yake tayari yako juu, usawa na boti yako. Usimwage chumba kilichojaa wala kujaza kilicho kitupu bila sababu. Tazama pia kama kuna boti inapanda kutoka chini. Ikiwepo na loki iko tupu, mwache aingie yeye kwanza. Akitoka juu, loki itakuwa imejaa kwa ajili yako na hakuna tone lililopotea.

3. Hakikisha vilango vya chini vyote vimefungwa. Usitazame milango tu, tazama gia: ikiwa upau wa meno umetokeza juu, kilango kiko wazi.

4. Kama chumba hakijajaa, inua vilango vya juu ukijaze. Maji yakilingana, milango italegea yenyewe na utaona ufa mwembamba katikati. Sasa sukuma. Geuka, weka makalio kwenye boriti, kanyaga yale matofali yaliyoinuka yaliyopangwa kwa umbo la nusu mwezi chini yake, nyoosha miguu na rudi nyuma taratibu. Matofali hayo yaliwekwa kwa ajili ya nyayo zako. Kwa boti moja nyembamba, kufungua mbao moja kunatosha ukiwa na jicho zuri na mwendo wa polepole, ila anayeanza afungue zote mbili.

5. Ingia mwendo wa kutembea kwa mguu, au chini yake. Piga rivasi mapema, maana boti ya tani 15 haina breki. Isogeze mbele mpaka tezi, pamoja na usukani unaotokeza nyuma yake, viwe vimeupita mstari mweupe kwa nafasi ya kutosha. Usiguse milango ya chini kwa omo.

6. Funga milango ya juu, shusha vilango vyake vyote. Aliye nchi kavu aizungushe kamba ya katikati mara moja kwenye nguzo na kushika mwisho wake mkononi. Kamba isifungwe fundo. Boti inashuka mita mbili na kitu, na kamba iliyofungwa haitashuka nayo.

7. Sasa inua vilango vya chini, nusu kwanza. Tazama boti. Tazama mstari mweupe. Mwenye usukani atumie injini kidogo mbele au nyuma kuibakiza boti mahali pake, na macho yake yasitoke kwenye tezi. Ikiwa kila kitu kimetulia, inua vilango vyote hadi mwisho. Ukishainua, hakikisha kishikizo kimeingia kwenye meno, kisha toa hendeli. Kila mara. Kishikizo kikiteleza hendeli ikiwa bado imevaa, itazunguka kwa kasi ya kuvunja mkono au taya la aliye jirani.

8. Ngoja. Mwanzoni maji yanashuka haraka, mwishoni polepole, na sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayowashinda watu. Kuta zinaibuka nyeusi na utelezi, zimeota majani, na michirizi ya maji inapenya kwenye maungio ya milango ya juu. Hiyo ni kawaida. Milango ya mwaloni huvuja kiasi, na kila seti huhudumu kama miaka 25 kabla ya kubadilishwa.

9. Milango ya chini ikilegea, ifungue, mwenye usukani atoke taratibu na kumngoja aliyebaki nchi kavu. Shusha vilango kwa kuzungusha hendeli; usivute kishikizo na kuviacha vianguke, kwa sababu chuma hukatika. Funga milango. Mlango ulioachwa wazi mjini, na kilango kimoja kinachovuja upande wa pili, vinaweza kukausha maji ya watu wengine usiku kucha.

Kwa anayejua kazi, yote haya ni dakika 15 hadi 20. Anayeanza ajipe nusu saa wala asione haya.

Kipande kifupi kati ya loki mbili

Ukitoka Hampstead Road unapita chini ya daraja la barabara kuu ya Camden, na Hawley iko hapo mbele. Hapa kuna jambo ambalo watu hulipuuza. Kila loki inapomwagwa, maji yapatayo lita 230,000 yanashuka kwa mara moja, sawa na maboza 23 ya lita 10,000. Kwenye kipande kirefu cha mfereji huyaoni. Kwenye kipande kifupi kati ya loki mbili, yanapandisha au kushusha usawa mbele ya macho yako.

Unaposhuka, maji yako yanaingia kwenye kipande hicho na ziada inapita kwenye ile njia ya kando, mahali kilipokuwa chumba pacha. Hakuna hatari kubwa, ila mkondo wake husukuma boti ubavu karibu na mlango, kwa hiyo ingia umeshaelekeza omo upande unaotoka mkondo. Hatari iko kwa anayepanda: akijaza Hawley, anayanywa maji ya kipande kifupi kilicho juu yake. Boti mbili zikipanda mfululizo bila nyingine kushuka, maji hupungua, na boti iliyofungwa ukingoni hukaa kwenye tope. Kabla ya kujaza, tazama ukuta wa mfereji ulio juu. Ukiona ukanda mpana uliolowa juu ya maji, usawa umeshuka. Ngoja kidogo, au uliza kama kuna anayekuja kutoka juu.

Maji haya hayatoki hewani. Bwawa la Brent, kaskazini-magharibi ya London, lilijengwa miaka ya 1830 mahsusi kuulisha mfereji huu, kwa sababu tangu ulipokamilika mwaka 1820 ulikuwa na kiu. Kwa hiyo ukiona boti nyingine inakuja nyuma yako, isubiri mshuke pamoja. Ni adabu, na ni maji yaliyookolewa.

Kupanda

Hatua ni zilezile kwa kugeuza, lakini hisia ni tofauti kabisa. Unaingia chini ya shimo lenye kuta ndefu, watu wanakutazama kutoka juu, na maji yanaingia kwa nguvu badala ya kutoka. Anayeshughulika na vilango ashuke nchi kavu kwenye gati la chini kabla boti haijaingia. Ngazi za ukutani zipo, ila zinateleza na hazifai kupandwa na mtu mwenye kamba mkononi.

Rusha kamba ya katikati juu, izungushwe nguzoni mara moja, na kadiri boti inavyopanda aliye juu aivute ili isilegee. Kaa nyuma, mbali na milango ya juu, ila usukani usiguse milango ya chini.

Sasa vilango. Anza na vile vya ukutani, vinavyoleta maji kwa mifereji ya chini, na fungua kwanza cha upande uliopo boti. Maji yatapita chini ya boti, yatagonga ukuta wa pili, yatarudi na kuibana boti yako ukutani kwa upole. Ukianza na cha upande wa pili, yataiburuta boti nzima na kuigongesha. Fungua nusu, ngoja mtikisiko upungue, kisha malizia. Vilango vilivyo kwenye milango yenyewe, kama vipo, viguswe mwisho kabisa, baada ya maji kupanda juu ya matundu yake. Ukivifungua mapema vinamwaga maji kama bomba lililopasuka moja kwa moja kwenye omo, na boti nyembamba yenye mlango wa mbele ulio wazi hujaa kwa muda mfupi usioweza kuamini.

Mwenye usukani aangalie omo isiingie chini ya mbao yoyote inayotokeza kwenye mlango. Ikinasa hapo huku maji yanapanda, mbele inazuiliwa na nyuma inaendelea kupanda. Dawa ni “Funga!”, vilango vya juu vishuke vyote, kisha vya chini vifunguliwe kidogo kidogo hadi omo iachie.

Yanayoharibika, na sababu zake

Tezi kukalia kizingiti ndilo jambo baya kuliko yote. Hutokea wakati wa kushuka, boti ikiwa imerudi nyuma sentimita chache bila mtu kuona, mara nyingi kwa sababu nahodha aliacha usukani kupiga picha au kuzungumza na watu wa ukingoni. Dalili ya kwanza huisikii nje, unaisikia jikoni: vikombe vinateleza kwenye meza kuelekea mbele. Tezi imebaki juu, omo inaendelea kushuka na maji. Una dakika mbili au tatu. “Funga!” Vilango vya chini vishuke vyote. Watu watoke botini kama wanaweza kufika ukingoni salama. Vilango vya chini vikishafungwa kabisa, na si kabla, fungua vya juu polepole ili maji yaiinue boti tena. Wanaokimbilia vya juu kwanza wakaacha vya chini wazi wanapoteza muda ambao hawana.

Kamba iliyofungwa fundo ikaning'iniza boti inatibiwa vilevile: zuia maji yasishuke, rudisha yaliyotoka. Usikae kwenye mstari wa kamba iliyokazana, kwa sababu ikikatika hupiga kama mjeledi.

Mlango usiofunguka, maji yakiwa yanaonekana sawa, una sababu moja kati ya mbili. Ama kuna kilango kilichoachwa wazi kidogo upande wa pili, hivyo maji yanatoka kadiri yanavyoingia. Zunguka uvikague vyote. Ama kuna kitu nyuma ya mlango. Camden hutupa kila kitu majini: vyupa, makreti, viti vya plastiki, baiskeli, toroli za dukani. Vivyo hivyo mlango usiofunga hadi mwisho. Ingiza upondo kwenye pembe kati ya mlango na ukuta, papasa, sukuma kitu kitoke. Usitumie boti kuugonga mlango. Ukishindwa, acha kila kitu kimefungwa na upige simu kwa Canal & River Trust, shirika linalosimamia mfereji huu tangu mwaka 2012; namba yao ya dharura ni 0800 479 9947. Mtu akiwa hatarini, piga 999.

Rafadha kunaswa hutokea zaidi mjini. Injini inaunguruma lakini boti haiendi, moshi unaongezeka, usukani unatetemeka. Mara nyingi ni mfuko wa plastiki, nguo au waya. Jivute ukingoni kwa kamba. Zima injini, toa ufunguo na uuweke mfukoni mwako mwenyewe. Fungua kifuniko kilicho juu ya rafadha, vaa glavu, kata kwa kisu. Kabla ya kuwasha, rudisha kifuniko na ukikaze sawasawa: kikilegea, rafadha itapampu maji ndani ya boti na utazama ukiwa unaendesha. Ukimaliza, nawa kwa sabuni. Maji ya mfereji hubeba leptospira, bakteria wanaotokana na mkojo wa panya, kwa hiyo kidonda chochote kifunikwe kabla ya kazi.

Mtu akianguka lokini, usiruke kumfuata. Vilango vyote vishuke, injini izimwe kabisa, maana rafadha inayozunguka kwenye chumba chembamba ni hatari kuliko maji yenyewe. Mrushie kamba au upondo, mwelekeze kwenye ngazi ya ukutani.

Watu wa Camden

Jumamosi ya jua, ukingo wa Hampstead Road hujaa. Watu hukaa juu ya boriti wakila, kwa sababu kwa asiyejua ni benchi. Usianze kusukuma ukitegemea wataona. Nenda, wasalimie, waambie mlango unafunguliwa na boriti itafagia eneo lote lile la nusu mwezi. Wengi hunyanyuka wakicheka, na wengine huomba kusaidia. Wape boriti, usiwape hendeli. Kusukuma mlango hakudhuru mtu, ila kilango kilichofunguliwa wakati usiofaa kinazamisha boti. Watoto wasivuke juu ya milango wakati maji yanasogea. Kuna siku wafanyakazi wa kujitolea wa Trust huwa hapo. Wakikupa maelekezo yaliyo tofauti na haya, wafuate wao, wanajua hali ya loki siku hiyo.

Ukiwa unangoja chumba kijae, tazama vyuma vya madaraja ya hapo. Kona zake zina mifuo mirefu, laini, inayoingia kidole kizima. Ililiwa na kamba za farasi waliokokota mashua, kamba zilizoshika mchanga na kusaga chuma miaka na miaka. Chuma kimekatwa na kamba. Ndiyo maana tunasisitiza kamba ishikwe vizuri.

Baada ya Kentish Town

Loki ya tatu, Kentish Town, haina jipya ukishazipita mbili za kwanza. Kutoka hapo una mwendo mtulivu hadi St Pancras, loki iliyo chini ya yale matangi makubwa ya zamani ya gesi, kisha handaki la Islington, mita 878. Handaki ni la njia moja. Simama mdomoni, zima taa yako, tazama ndani. Ukiona taa inakuja, ngoja atoke. Kukiwa giza hadi upande wa pili, washa taa na uingie, ukijua kwamba loki ya City Road inakungoja muda mfupi baada ya kutoka, kwa hiyo aliye na hendeli asiende kulala.

Ukifunga boti kwa usiku katika maeneo haya, injini isiungurume kati ya saa 2 usiku na saa 2 asubuhi, maana madirisha ya watu yako juu ya kichwa chako. Ondoa hendeli, upondo na kila kinachobebeka juu ya paa.

Na ukifika Limehouse, loki ya kutokea Thames si yako kuiendesha. Inaendeshwa na wafanyakazi, kwa miadi, kulingana na maji kujaa na kupwa ya mto, ambayo wakati wa bamvua (kipindi cha maji makubwa) ni makali kuliko mgeni anavyotarajia. Boti yenye urefu wa zaidi ya mita 13.7 inatakiwa kuwa na redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo vya majini, kabla ya kutoka, na nanga iwe imefungwa tayari kwenye omo, si ndani ya sanduku.